Kula kwenye migahawa ya kifahari ya Kihindi London: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Mswahili aliyeko London, au anayepita London, ambaye amealikwa au ameamua mwenyewe kwenda kula kwenye migahawa ya kisasa ya Kihindi ya daraja la juu, ile ya Mayfair, St James's na Marylebone. Maswali ni yale ambayo ndugu na marafiki huniuliza wakishajua kwamba hela yangu nyingi huishia huko. Jambo moja lishike mapema: ukiwa umekulia Tanga, Mombasa, Unguja au Kampala, ladha nyingi za pale unazijua tangu utoto. Kinachokupa wasiwasi ni taratibu na bei, na hivyo vyote vinaelezeka.

Mgahawa wa aina hii una tofauti gani na ule wa Kihindi wa mtaani?

Migahawa mingi ya Kihindi ya mitaa ya Uingereza ilifunguliwa na watu wa Sylhet, Bangladesh. Walipika kwa akili ya biashara: sufuria kubwa ya rojo la vitunguu inachemshwa tangu mchana, jioni kila oda inachotwa humo humo, hii ikatiwa krimu, ile pilipili, nyingine nazi. Kuku wa tikka masala alipata umaarufu wake kwenye migahawa hiyo, hadi mwaka 2001 Robin Cook, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, akamtaja kuwa chakula halisi cha taifa la Waingereza. Hakuna ubaya. Nami nakula huko nikiwa na njaa ya haraka.

Hii tunayoizungumzia hapa haina rojo moja la kugawana. Kila mchuzi una sufuria yake na viungo vyake vilivyokaangwa na kusagwa kwa ajili yake. Pia wapishi wake hawapiki "chakula cha Kihindi" kwa jumla. Mgahawa wa Quilon hupika vyakula vya pwani ya kusini magharibi ya India, Kerala na jirani zake, samaki na nazi kwa wingi. Wengine wameegemea Punjab, wengine Lucknow.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Veeraswamy ilifunguliwa Regent Street mwaka 1926. Lakini nyota za Michelin, kile kitabu maarufu cha kupima migahawa, zilichelewa sana: ni mwaka 2001 ndipo Tamarind, ikiwa na mpishi Atul Kochhar, na Zaika ya Vineet Bhatia zilipopata nyota moja moja, za mwanzo kabisa kwa upishi wa Kihindi. Gymkhana ya Albemarle Street, iliyofunguliwa 2013, ilipata nyota ya pili mwaka 2024, sambamba na Opheem ya Birmingham. Na mwaka 2025 Trèsind Studio ya Dubai ikawa mgahawa wa kwanza wa Kihindi duniani kupewa nyota tatu.

Kwa nini ghali hivyo? Si kuku na wali tu?

Swali hili huulizwa na wazazi wetu zaidi, na lina haki ya kujibiwa vizuri.

Chukua dengu nyeusi, zile za dal makhani. Malighafi yake ni bei ya chini kabisa jikoni: dengu, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, siagi, krimu kidogo. Ila zinalowekwa usiku kucha, kisha zinachemka kwa moto mdogo saa nyingi huku mtu akizikoroga na kuziponda pembezoni mwa sufuria mpaka maji na dengu visijitenge tena. Bukhara ya Delhi, mgahawa ulioanza miaka ya 1970, hujisifu kwamba dal yao hukaa motoni saa 18. Ukiipata iliyopikwa hivyo utaijua kwa kijiko cha kwanza: nzito, yenye harufu ya moshi kwa mbali, na ganda la dengu linayeyuka bila kukatika mdomoni. Ikiwa imepikwa kwa haraka na kufichwa kwa krimu, inateleza tu na kuacha mafuta kwenye midomo. Mimi huagiza dal kila mgahawa mpya ninaoingia, kwa sababu haina pa kujificha.

Kisha kuna tanuri. Tanuri la udongo huzidi nyuzi joto 400, na anayesimama mbele yake ni fundi wa kazi hiyo peke yake. Anabandika naan ukutani kwa mkono, anaibandua kwa vyuma viwili baada ya dakika moja hivi, huku mishikaki ya chopsi za kondoo imesimama wima katikati ya moto. Mtu wa namna hiyo hapatikani kirahisi London, na mshahara wake uko ndani ya ile bei ya mkate.

Yaliyobaki ni kodi ya pango Mayfair, na VAT ya asilimia 20 ambayo tayari imo kwenye bei ya menyu.

Ninachokataa kulipia ni mapambo ya bei mbaya: naan iliyopakwa mafuta ya truffle (uyoga wa bei ghali), mithai iliyofunikwa karatasi ya dhahabu, biriani yenye kamba-mti juu yake kwa ajili ya picha. Hivyo havina anachokiongeza mpishi. Ukiona menyu imejaa truffle, rudi kwenye dal na chopsi.

Niandae kiasi gani?

Menyu ya kuonja jioni, yaani sahani nyingi ndogo ndogo alizopanga mpishi, kwenye mgahawa wenye nyota, kuzidi pauni 100 kwa mtu kabla ya kinywaji ni jambo la kawaida. Kuagiza sahani moja moja na kugawana kunaweza kushuka chini ya hapo, hasa mkiwa wanne. Nafuu kubwa iko mchana: migahawa mingi ina menyu maalumu ya chakula cha mchana, sahani mbili au tatu kwa bei iliyopangwa, jiko lile lile na wapishi wale wale. Kama unakwenda mara ya kwanza na mfuko haujashiba, nenda Jumatano mchana.

Ile "service charge" kwenye bili ni lazima?

Ada ya huduma London mara nyingi ni kati ya asilimia 12.5 na 15, nayo huongezwa yenyewe chini ya bili. Chakula cha pauni 80 kwa asilimia 12.5 kinakuwa pauni 90. Kwa kawaida imeandikwa kuwa ni ya hiari, na ya hiari maana yake unaweza kuomba iondolewe kama huduma ilikuwa mbovu. Tangu Oktoba 2024 sheria ya Uingereza inamtaka mwajiri awape wafanyakazi pesa zote za tipu na ada hiyo bila kukata, kwa hiyo mimi huilipa bila kinyongo. Ukishailipa, huna haja ya kuacha tipu nyingine mezani. Tazama mashine ya kadi vizuri, maana nyingine hukuuliza tipu mara ya pili.

Nafasi ya meza inapatikanaje?

Kwa tovuti yao, mapema. Mgahawa kama Gymkhana meza za Ijumaa na Jumamosi usiku huisha wiki nyingi kabla. Utaombwa namba ya kadi, na ukifuta dakika za mwisho au usipotokea, watakukata kiasi fulani kwa kila kichwa. Soma masharti hayo kabla ya kubonyeza, hasa kama unaalika watu wa kwetu ambao saa moja kwao ni saa mbili na nusu. Meza nyingi hutolewa kwa saa mbili tu, na ukichelewa dakika ishirini hizo ni zako ulizozipoteza.

Ukikosa, jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri. Kadi zikikaribia kukatwa watu hufuta, na simu huja siku moja au mbili kabla. Au nenda watu wawili saa kumi na mbili jioni, wanapofungua, ukaulize kwa adabu kama kuna kiti kaunta.

Nivae nini?

Nadhifu tu. Suti si lazima. Kanzu safi yenye kofia, buibui, kitenge kilichoshonwa vizuri, vyote vinapita mlangoni bila swali. Kinachozuiwa ni kaptura, ndala na jezi za mpira. Nyongeza yangu: udi na manukato mazito punguza siku hiyo. Chumba ni kidogo, meza zimekaribiana, na jirani yako amelipia kunusa zafarani.

Mbona mapambo yao yanafanana na klabu za wakoloni?

Umeona sawasawa. Gymkhana imejengwa kwa sura ya zile klabu za michezo za enzi za Waingereza India: mbao nyeusi ukutani, feni za darini, vichwa vya wanyama waliowindwa. Aliyepita Dar es Salaam Gymkhana Club au Nairobi Gymkhana hataona mageni. Wapo wanaoikubali kama mzaha wa Wahindi wenyewe kukalia viti ambavyo babu zao hawakuruhusiwa kuvikalia. Wapo wanaoona ni kuwauzia Waingereza kumbukumbu zao. Mimi niko karibu na kundi la pili, lakini chopsi zao nazila.

Menyu siielewi. Nianzie wapi?

Anza na unayoyajua, ni mengi kuliko unavyofikiri. Samosa ni sambusa. Bhaji na pakora ni jamaa za bajia, na unga wake ni ule ule wa dengu. Kachumber hukatwa kama kachumbari. Achar unaifahamu. Mogo ni muhogo wetu.

Halafu ongeza haya machache. Keema ni nyama ya kusaga. Methi ni uwatu, majani yake au mbegu, kwa hiyo "kid goat methi keema" ya Gymkhana ni kima ya mbuzi mchanga na uwatu. Huja na salli, yaani chipsi nyembamba kama njiti, na pao, vimkate laini vilivyopakwa siagi. Chota kima kwa mkate, nyunyuzia chipsi juu, kula kabla hazijalainika. Tikka ni vipande vya nyama visivyo na mfupa vilivyochomwa. Malai ni krimu, kwa hiyo kuku wa malai hana pilipili ya maana. Raita ni mtindi uliotiwa matango, nanaa au komamanga. Dum ni kupika chombo kikiwa kimezibwa. Nihari ni mchuzi wa nyama iliyopikwa polepole usiku kucha, na asubuhi ndio wakati wake wa asili, ingawa London watakuletea usiku.

Ukikwama muulize mhudumu. Muulize swali la maana: "Kipi hapa kinapikwa kwa tanuri, na kipi jikoni kwenu wenyewe mnakipenda?" Hapo atakuacha na orodha fupi nzuri. Ukimuuliza "Kipi ni kizuri?" atakutajia cha bei.

Menyu ya kuonja, au kuagiza wenyewe?

Mkiwa wawili na ni siku ya kusherehekea kitu, menyu ya kuonja ni sawa: sahani sita hadi kumi ndogo ndogo, mpishi anakuongoza, wewe unakaa. Kasoro yake ni kwamba chakula cha Kihindi hakikuundwa kuliwa sahani moja baada ya nyingine kama cha Kifaransa. Mchuzi unataka mkate wakati ule ule, mkate unataka dal, na dal inataka achari pembeni. Wapo wapishi wanaoliweza hilo. Wengine huishia kukupa vijiko vitatu vya kitu kitamu na kukinyang'anya.

Kwa familia au marafiki wanne, agizeni wenyewe na mle kutoka katikati kama nyumbani. Hesabu yangu ya watu wanne ni hii: vitu vitatu vya kuanzia, kimoja kiwe cha baridi na kimoja cha tanuri, michuzi miwili, mmoja wa nyama na mmoja wa samaki au mboga, dal moja, biriani moja, mikate mitatu ya aina tofauti, na mingine iagizwe ile ya kwanza ikiisha, kwa sababu naan iliyokaa dakika kumi imeshakufa. Mwambieni mhudumu mnagawana, ataleta kwa mafungu. Msipomwambia, vyote vitatua mezani kwa mpigo mmoja na robo yake italiwa baridi.

Vile vipira vyenye maji vinaliwaje?

Gol gappa, au pani puri. Ni kipira kikavu chembamba kama ganda la yai, chenye tundu juu. Ndani kuna choroko zilizochipua au viazi, na pembeni chupa au jagi la maji ya nanaa, ukwaju na bizari ya jira. Jaza maji nusu, kisha kitu kizima mdomoni kwa mara moja, haraka. Ukikiuma nusu, maji yote yako kwenye shati. Usikijaze kabla hujawa tayari, maana ganda hulowa ndani ya sekunde chache. Ndio, mdomo utajaa mpaka usiweze kusema, na meza nzima itanyamaza kwa wakati mmoja. Ni hivyo hivyo hata kwa mabilionea.

Naruhusiwa kula kwa mkono?

Naam. Bukhara ya Delhi huwavisha wageni aproni na hawawekei uma wala kisu mezani. London vijiko na uma vipo, lakini hakuna atakayekutazama vibaya ukikata naan kwa mkono wa kulia na kukomba mchuzi. Chopsi za kondoo shika kwa mfupa. Watakuletea bakuli la maji ya uvuguvugu yenye kipande cha ndimu. Ni ya kunawa.

Wali na mchuzi mwepesi mimi hula kwa kijiko pale. Nyumbani ni habari nyingine.

Biriani yao ikoje? Ni kama yetu?

Siyo. Biriani ya pwani yetu hupikwa wali mbali na rojo mbali, vikakutana kwenye sinia. Ile ya dum hupikwa pamoja. Kwenye mtindo wa Hyderabad unaoitwa kacchi, nyama mbichi iliyolowekwa kwenye mtindi, viungo na papai bichi la kulainishia hupangwa chini ya sufuria. Wali ulioiva nusu hulazwa juu, ukanyunyiziwa zafarani iliyorojeshwa kwenye maziwa, samli, nanaa na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia. Mdomo wa sufuria unazibwa kwa unga uliokandwa, kisha moto mdogo chini, na wengine huweka makaa juu ya kifuniko. Mpishi hawezi kufunua kuangalia. Ama amepatia, ama kesho atapatia.

Kwenye mgahawa chombo chako kinakuja mezani kikiwa bado kimefunikwa na ukoko wa unga uliookwa, wakati mwingine umepambwa mbegu za habasoda. Mhudumu anapitisha kisu pembeni pande zote, anaufunua kama kifuniko, na mvuke wa kwanza unatoka wote kwa pamoja: iliki, basibasi, nanaa, na samli. Inama kidogo upokee, ndio sehemu uliyolipia. Kisha usikoroge. Zamisha kijiko wima hadi chini upate wali mweupe, wali wa njano na nyama kwa mchoto mmoja. Huo ukoko wa unga ulikuwa wa kuziba, ila upande wake wa chini umenywa mafuta na viungo. Mimi huuvunja na kuula.

Gymkhana hupika biriani ya muntjac, paa mdogo mwenye asili ya China aliyezagaa kwenye misitu ya Uingereza, na raita ya komamanga na nanaa. Kwa aliyezoea biriani ya mbuzi, nyama hii ni kavu kidogo na ina harufu ya porini. Jaribu ukiwa na mwenzako wa kugawana naye.

Na ukitafuta rojo la kumwagia juu, omba. Hawatakunyima, ingawa mpishi atajua kuna mtu wa Afrika Mashariki meza namba tano.

Ni vikali?

Kwa kawaida hapana, hasa kwa wala pilipili kichaa. Rangi nyekundu isikutishe: pilipili ya Kashmir hutiwa kwa rangi na harufu, ukali wake ni mdogo. Kali za kweli ni vyakula vya Andhra, Chettinad na baadhi vya Goa. Ukitaka moto zaidi omba pilipili mbichi pembeni. Usimwombe mpishi aongeze ndani ya mchuzi wa korma. Korma ni ya lozi, korosho na iliki, pilipili inaiharibu.

Nyama ni halali? Pombe je?

Uliza kwa kila nyama, usiulize kwa jumla. Ipo migahawa ambayo kuku na kondoo wao ni halali lakini bata na wanyama wa porini si halali, na mhudumu akijibu "ndiyo" kwa haraka huenda hakufikiria bata. Andika kwenye sehemu ya maelezo unapoweka nafasi, kisha rudia mezani. Nguruwe na ng'ombe ni nadra, ila si marufuku: mapishi ya Goa na Kerala yanavyo vyote viwili. Pombe inauzwa karibu kote, na huenda ikatiwa kwenye baadhi ya mithai au michuzi. Hilo nalo liulize.

Na asiyekunywa pombe anywe nini?

Hapa mambo yamebadilika sana. Migahawa mikubwa sasa ina vinywaji visivyo na kileo vilivyotengenezwa kwa umakini: ukwaju na tangawizi, maji ya kokum (tunda chachu la India), jira na ndimu. Lassi, kinywaji cha mtindi, ikiwa tamu ni nzito, itakujaza kabla ya chakula. Agiza ya chumvi, au ngoja mwisho. Maji ya bomba omba bila haya. England mgahawa wenye leseni ya pombe unatakiwa kisheria kuyatoa bure ukiyaomba, na chupa ya maji yenye gesi ni mojawapo ya njia rahisi za kufuta nafuu yote uliyoipata mchana.

Kwa wanywaji: mvinyo mweupe wenye utamu kidogo, Riesling kwa mfano, huenda vizuri na viungo kuliko mwekundu mzito.

Sili nyama. Nitashinda njaa?

Kinyume chake. Hakuna upishi unaomjali mla mboga kama huu, na menyu ya kuonja ya mboga mara nyingi ndiyo ninayoichagua mwenyewe. Wapo hata waliozoea kupikia Wajaini, wafuasi wa dini ya Ujaini ya India, wasiokula vitunguu, saumu wala mizizi, mradi uwaarifu kabla.

Nina mzio wa vyakula.

Sema mapema na uwe wazi. Sheria ya Uingereza inawataka wajue vitu 14 vinavyosababisha mzio kwenye kila chakula. Vitatu vinajificha sana kwenye upishi huu. Korosho na lozi zimesagwa ndani ya michuzi myeupe bila kuonekana. Haradali iko kwenye vyakula vya Bengal na kwenye vile vinavyotiwa mafuta yaliyokaangiwa mbegu zake. Ngano nayo huingia kwa mlango usioudhani: mvuje, ule ule ambao bibi zetu wa pwani waliufahamu kama dawa, hutiwa kwenye dal, na unga wake wa dukani kwa kawaida umechanganywa na unga wa ngano. Mtu asiyekula ngano aulize kuhusu mvuje hata kama ameagiza wali na dal.

Kuna chochote chenye asili ya kwetu?

Kipo, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wahindi wengi wa London hawakutoka India moja kwa moja. Walitoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na Uganda mwaka 1972 walipofukuzwa na Idi Amin, nao walikuja na ulimi wao wa Kiafrika Mashariki. Ndiyo maana muhogo wa kukaanga kwa pilipili upo kwenye menyu za Kihindi London nzima, na kuku paka wa nazi huonekana hapa na pale.

Familia ya Anand ilikuwa na biashara ya hoteli Nairobi kabla ya kuhamia Southall, magharibi ya London, walikofungua mgahawa wa Brilliant mwaka 1975, na tawi jingine la familia likafungua mgahawa wa Madhu's mwaka 1980. Madhu's siku hizi ina meza hata kwenye hoteli kubwa ya Piccadilly. Fungua menyu yao utakuta "nyamah choma", "machuzi kuku" na "boozi bafu", yaani mbavu za mbuzi zilizopitia tahajia ya Kipunjabi. Mbavu zenyewe siku hizi ni za kondoo. Agiza nyama choma kwa Kiswahili, uone mzee mmoja akigeuka kutoka kaunta.

Kisha kuna Jikoni, ya Marylebone, iliyofunguliwa 2016 na Ravinder Bhogal, mzaliwa wa Kenya. Si ya gharama za Mayfair wala si ya Kihindi tupu. Anachanganya India, Afrika Mashariki na Uingereza bila kuomba radhi. Keki yake ya ndizi huja na aiskrimu ya kulfi yenye Ovaltine. Mtoto yeyote aliyelelewa Nairobi miaka ile atajua Ovaltine imetoka wapi.

Niko Ghuba. Hayo yote yanafanana Dubai?

Taratibu za meza ni zile zile. Trèsind Studio ya mpishi Himanshu Saini ina viti takriban 20 tu, iko Palm Jumeirah, na hapo huchagui: ni menyu ya kuonja peke yake, kwa hiyo mahitaji yako yote yaseme wakati wa kuweka nafasi. VAT ni asilimia 5, lakini soma chini ya menyu kuona kama ada ya manispaa na ya huduma zimeshahesabiwa.

Watoto wanakaribishwa?

Mchana, kwa kawaida ndiyo. Jioni uliza, baadhi hawapokei wadogo baada ya saa fulani.

Mithai ipi?

Kati ya Aprili na Juni, chochote cha embe la Alphonso. Wakati mwingine, kulfi. Gulab jamun za Mombasa zinatosha kabisa, sioni sababu ya kuzilipia pauni kumi na kitu.

Chakula kikija na kasoro?

Sema hapo hapo, baada ya tonge la pili, kwa sauti ya kawaida. "Naan hii imepoa" inatosha; itabadilishwa. Tabia yetu ya kunyamaza, kula chote, kusema "asante kilikuwa kizuri" halafu kulalamika ndani ya treni, haimsaidii mtu yeyote, na pauni zimeshakwenda.

Naweza kufungiwa kilichobaki?

Omba. Wengi watakubali, ingawa baadhi hukataa vyakula vya baharini. Dal na biriani ndivyo vya kubeba. Biriani ipashe kesho yake kwenye sufuria iliyofunikwa na matone mawili matatu ya maji, moto mdogo.